Matembezi ya Köln: jamani, "mbele ya Kanisa Kuu" ndiyo wapi?

Nilitoa nyota moja, nikapandisha hadi mbili, na huenda nikashusha tena kabla sijamaliza kuandika hapa.

Nimekulia nyumba ambayo redio ya baba ilitaja Köln kila siku, enzi hizo Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, ikitangaza kutoka mji huo, haijahamia Bonn. Kwa hiyo majuzi nilipopata siku mbili za nafasi, sikuhangaika kuchagua mji. Nikatulipia mimi na shemeji matembezi ya muda wa saa mbili, kampuni moja ndogo ya mtandaoni. Maelezo: tukutane mbele ya Kanisa Kuu, saa nne asubuhi, tafuteni mwavuli wa kijani.

Sasa, mbele ni wapi? Ukitoka tu stesheni ya reli, kanisa hilo hapo, minara miwili ya mita 157 imekuinamia. Tukajua tumefika. Tukasimama pale kwenye ngazi tukikodolea miavuli, na asubuhi ile ya manyunyu nani hakuwa na mwavuli? Kumbe tuko ubavuni. Mbele yao ni magharibi, kwenye milango mikubwa. Kuja kuzunguka, dakika 12 zimeshapita na mwongozaji kaondoka.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea hata pole hakusema. "Kila mtu anajua mbele ni wapi." Kundi la saa nane je? Limejaa. Hela? Hazirudi. Akakata.

Hiyo "kila mtu" bado inanichoma. Kanisa limeanza kujengwa mwaka 1248 likaisha 1880, katikati likatelekezwa karne tatu na winchi yake juu ya mnara, Wajerumani wakavumilia. Mimi dakika 12 nimekosa wa kunivumilia!

Haya, nisiwe mnafiki. Usiku shemeji aliifungua tena ile barua pepe, na chini kabisa kulikuwa na kijiramani chenye alama nyekundu mlango wa magharibi. Sikukiona. Nyota ya pili ni ya kile kijiramani.

Na mji wenyewe sina neno nao. Tulivuka kwa miguu daraja la Hohenzollern, lile la makufuli ya wapendanao, hadi Deutz, ng'ambo ya mto Rhine. Picha ya kanisa zima pigia kule, ukiwa chini yake halienei kwenye simu. Tukarudi kupanda mnara wa kusini, ngazi 533. Shemeji alikaa chini mara tatu, mara moja karibu na kengele ya Mtakatifu Petro, tani 24, akiomba isilie.

Tulipofika juu nikachungulia uwanjani. Mwavuli wa kijani! Kundi la saa nane, lile "lililojaa". Nikawahesabu pole pole, nikamwambia na shemeji ahesabu.

Watu watano.

Nyota moja.