Malabrigo Rios: uzi wa kofia, si wa shali

Shada moja la Rios, uzi wa sufu wa kampuni ya Malabrigo, lina gramu 100 na mita 192 za uzi. Kofia ya mtu mzima hula kama theluthi mbili ya hapo, na kinachobaki kinatosha kibonge cha utosini. Skafu inataka mashada mawili. Shali ya kufunika mabega inataka matatu au manne, na hapo ndipo uzi huu unapoanza kuelemea, mfukoni na mabegani.

Aliyezoea akriliki, uzi usio wa sufu unaotengenezwa kiwandani, atashtuka mara mbili. Kwanza bei, ambayo ni mara kadhaa ya anayoijua. Pili umbo: Rios haiji ikiwa donge, huja imepindwa kama kamba. Ukianza kufuma moja kwa moja kutoka kwenye shada, hutamaliza mistari kumi kabla halijawa tandabui. Fungua msokoto, livike kwenye mgongo wa kiti au kwenye magoti ya mtu mwenye subira, kata vile vijiuzi vilivyolifunga, kisha likunje donge polepole bila kuvuta. Uzi uliokunjwa kwa kukazwa hukaa umenyooshwa. Ukiufuma hivyo hivyo, siku ya kufua utajirudi.

Malabrigo, kampuni ya Uruguay, ilianza mwaka 2005, na rangi hutiwa kwa mkono sufuriani, kidogo kidogo. Ndiyo maana mashada hayafanani rangi kama zifanyavyo nyuzi za kiwandani. Mashada mawili ya rangi iitwayo Azul Profundo yaliyoning'inia msumari mmoja yanaweza kutofautiana kama watoto wa baba mmoja na mama wawili. Nunua yote unayohitaji kwa siku moja, na kabla ya kulipa yatoe mlangoni uyatazame kwa mwanga wa mchana. Taa za dukani hudanganya, hasa kwenye bluu na zambarau.

Sufu yenyewe ni ya merino, kondoo wa sufu laini, iliyofanyiwa kazi ili isigande na kusinyaa ikifuliwa: vigamba vidogo vya unywele hupunguzwa makali, au hufunikwa kwa utando mwembamba. Faida unaisikia shingoni, kwani haiwashi, na rangi hukolea sana. Hasara zipo, na lebo haizitaji. Uzi unateleza, kwa hiyo anayejifunza atumie sindano za mianzi badala ya za chuma. Tena ncha hazishikamani kwa kulowesha na kusugua viganjani kama sufu ya kawaida. Acha mkia wa sentimita 15 kila unapounga, uupitishe ndani ya vitanzi kwa sindano butu.

Hasara kubwa zaidi ni kutanuka. Vinyweleo ambavyo vigamba vyake vimepunguzwa makali au kufunikwa havishikani, basi vikilowa, kazi nzima hulegea. Fuma kipande cha majaribio cha sentimita 12 kwa 12, ukifue, kikauke, ndipo upime katikati yake. Tuseme kabla ya kufua ulihesabu vitanzi 21 kwa sentimita 10, na baada ya kufua 20. Tofauti ya kitanzi kimoja inaonekana si kitu, lakini kwenye mzunguko wa vitanzi 100 ni kati ya sentimita 47 na nusu na sentimita 50, na hiyo ndiyo tofauti ya kofia inayokaa na kofia isiyokaa.

Kwa kichwa cha sentimita 56, hiyo 50 ndiyo unayoitaka. Kofia ya sufu lazima iwe ndogo kuliko kichwa kwa kama sehemu moja ya kumi. Anza vitanzi 100 kwa sindano ya mviringo (ncha mbili zilizounganishwa kwa waya) ya milimita 4, yenye urefu wa sentimita 40. Fuma ukingo wa mbili-mbili, yaani pleni mbili (vitanzi vya upande laini) na pali mbili (kinyume chake, vya upande wa vifundo), kwa sentimita 5. Hamia sindano ya milimita 4.5, fuma pleni tupu mpaka kofia nzima, pamoja na ukingo, ifike sentimita 16. Hapo anza kupunguza: vitanzi 8, kisha viwili pamoja, rudia mara kumi; mzunguko unaofuata fuma bila kupunguza. Halafu 7 na viwili pamoja, mzunguko mtupu, na kuendelea hivyo, ukihamia sindano fupi zenye ncha mbili pindi vitanzi vinapokuwa vichache mno kwa mviringo. Vikibaki kumi, kata uzi, upitishe ndani yake mara mbili, kaza.

Sasa rangi. Zile zinazokaribia rangi moja, kama Ravelry Red, hazina ugomvi. Za mchanganyiko kama Arco Iris zina tabia ya kukusanya madoa: nyekundu inaangukia juu ya nyekundu mzunguko baada ya mzunguko, na upande mmoja wa kofia unatoka na baka kama chai iliyomwagika. Husababishwa na mzunguko mmoja kula urefu unaokaribia ule ambao rangi zinajirudia kwenye shada. Dawa ya kwanza ni kubadili idadi ya vitanzi. Shuka hadi 96, ambayo bado inagawanyika kwa nne kwa ajili ya ukingo. Utosini gawa mafungu 8 ya 12, uanze na vitanzi 10 na viwili pamoja, umalize vikibaki 8. Kofia itapungua sentimita mbili, na Rios itakusamehe kwa kuwa inavutika. Isipotosha, tumia ncha mbili za donge hilo hilo, ya ndani na ya nje, ukibadilishana kila mizunguko miwili. Akina dada wanaofuma kofia za mavin kwa akriliki ya rangi moja hawajui adha hii, na hawana sababu ya kuijua.

Skafu ya sentimita 16 kwa 160, kwa sindano ya milimita 5, inamaliza mashada mawili. Fuma mistari miwili kwa shada la kwanza, miwili kwa la pili, mwanzo hadi mwisho, hata kama kwa macho yanafanana. Uzi unaosubiri upandishe pembeni bila kuukaza, la sivyo upande huo utakuwa mfupi na skafu itapinda kama panga.

Shali ni habari nyingine. Ya pembetatu inayoanzia shingoni huongezeka vitanzi vinne kila mistari miwili, kwa hiyo rangi zinabadilika zenyewe: juu mabaka mapana, katikati michirizi, chini vinukta. Inapendeza. Lakini gramu 300 au 400 za uzi unaotanuka, zikining'inia kutoka mabegani, huvutwa na uzito wake wenyewe. Kwa shali chukua Malabrigo Sock, ya kampuni hiyo hiyo: gramu 100 zina mita 402, shada moja linatoa shali ndogo ya shingoni na mawili yanafunika mabega, kwa sindano ya milimita 4. Achana na michoro ya matundumatundu kwenye rangi za mchanganyiko. Kazi ya wiki mbili itamezwa na rangi. Na usifume mpaka uzi ukaisha: kufunga vitanzi hula mara tatu hadi nne ya urefu wa ukingo, na ufunge kwa sindano kubwa zaidi, kwani ukingo uliokazwa hauna namna ya kurekebishwa ila kufumua.

Nyekundu na bluu zilizokolea huweza kuchuja. Kabla ya kuzichanganya na nyeupe, lowesha uzi, ubane ndani ya tishu nyeupe. Ikichafuka, loweka shada maji ya vuguvugu yenye matone ya sabuni, badilisha mpaka yatoke meupe. Chumvi haisaidii kitu kwenye sufu, na siki baridi vilevile: rangi za sufu hushika kwa asidi pamoja na moto.

Kufua ni kwa mkono, maji ya baridi, kubonyeza bila kukamua. Viringisha ndani ya taulo, ukanyage taulo, kisha tandaza mkekani kivulini kwa vipimo unavyovitaka na uiache ikauke hapo hapo. Usiitundike kambani ikiwa mbichi. Skafu ya sentimita 160 utaikuta asubuhi inagusa majani.