Matembezi ya Momella hadi Tululusia: yana thamani, ila angalieni saa ya kuanza

Kwa anayetaka kuonja pori kwa miguu, siku moja tu, njia ya kutoka Geti la Momella hadi maporomoko ya Tululusia, Hifadhi ya Taifa Arusha, ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Simba hamna, twiga na nyati tele, na ukishavuka uwanda unaingia msitu wa mbega. Saa mbili hadi tatu zinatosha, kwenda na kurudi.

Dosari ya vifurushi vingi vya watalii ni muda. Ukichukuliwa hotelini mjini saa 2 asubuhi, hadi malipo ya getini yaishe ni saa 4, na wanyama wameshahamia kivulini. Daini kuondoka saa 12. Ulizeni pia kama bei ina ada ya kutembea, maana haimo kwenye kiingilio. Malipo ni kwa kadi au control namba (namba ya kulipia ya serikali), si fedha taslimu.

Kinachobeba huduma yote ni askari wa TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) mwenye bunduki. Askari mzuri hajifichi: kabla hamjapiga hatua anaeleza ishara za mkono, anawapanga mstari mmoja, anamwaga vumbi hewani kupima upepo. Nyati anategemea pua kuliko macho. Upepo ukitoka kwenu kwenda kwake, kundi litaondoka kabla hamjaliona vizuri. Ila kundi si la kuogopwa kama dume mzee aliyejitenga, aliyelala kichakani, maana huyo hushtuka mkiwa mmeshamkaribia na hakimbii kila mara. Kwa hiyo askari akikizunguka kichaka kwa mbali, msimbane apite katikati eti mpate picha.

Vaeni kaki au kijani kilichofifia. Mabaka ya kijeshi acheni kabisa, kwa raia ni kosa kisheria. Masika (Machi hadi Mei) udongo wa volkano huteleza, na wengi huanguka wakati wa kushuka, si kupanda. Kila mtu abebe lita 2 za maji: mito ya huku, Ngare Nanyuki ikiwemo, ina floraidi nyingi (madini yanayodhuru meno na mifupa), na kuchemsha hakuiondoi.

Ndani ya kasoko (kreta) ya Ngurdoto, iliyomo hifadhini humu, msitarajie kutembea. Wageni huitazama kutoka ukingoni tu, kushuka chini hakuruhusiwi.