Mboga Bila Udongo Kwenye Roshani ya Nairobi: Ununue Nini Kwanza

Kabla hujatoa hata shilingi, simama kwenye roshani yako saa tatu asubuhi, kisha urudi hapo saa tisa alasiri. Ikiwa haipati jua la saa tano au sita kwa siku, hakuna kifaa kitakachokufaa hapa isipokuwa kile cha mwisho kwenye orodha hii, na hicho chenyewe sikipendi. Wakazi wa mtaa wa Pipeline, ambako magorofa yamebanana hadi jirani anaweza kukupitishia chumvi dirishani, wanajua ninachosema. Tena jua letu huhama. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hupigwa na jua mwezi Juni, na ule wa kusini hulipata Desemba. Ukikagua mara moja tu unaweza kudanganyika.

Haidroponiki, yaani kilimo hiki cha bila udongo, haina uchawi. Mizizi inataka maji, chakula kilichoyeyuka na hewa, na tofauti kubwa kati ya vifaa ni namna kila kimoja kinavyoifikisha hiyo hewa. Nimevipanga kwa swali moja: stima ikipotea na mfereji ukikauka, mboga zako zitaishi hadi lini?

Nambari 1: Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, bila pampu

Njia hii ilienezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na ukiiona mara ya kwanza utadhani kuna kitu kimesahaulika. Unatoboa matundu kwenye kifuniko, unatia vikombe vya mtindi vilivyotobolewa kwa msumari wa moto, unaweka miche iliyooteshwa kwenye vipande vya sponji ya godoro, kisha unajaza maji ya virutubisho hadi yaguse chini ya vikombe. Basi. Mmea unapokunywa, maji yanashuka, na mizizi inayobaki juu ya maji ndiyo inayovuta hewa.

Kinachoua mimea hapa ni huruma. Mtu anaona maji yameshuka, anajaza tena hadi juu, na mizizi iliyokwisha kuzoea hewa inazama. Ukilazimika kuongeza, ishia nusu.

Ndoo mpya usinunue. Wauza chipsi na mandazi huwa na ndoo za mafuta ya kupikia wanazoziuza kwa bei ya chini. Zilizokuwa na rangi ya nyumba achana nazo. Ndoo nyeupe hupitisha mwanga, na baada ya muda maji hushika utelezi wa kijani, kwa hiyo ipake nyeusi kwa nje, halafu nyeupe juu yake ili isichemke juani. Kifuniko kikae sawasawa, la sivyo utakuwa unafuga mbu. Letasi moja hunywa kama lita 4 tangu kupandikizwa hadi kuvunwa, yaani wiki 5 au 6 hivi, kwa hiyo ndoo moja inatosha vichwa vinne. Sukuma wiki inawezekana pia, ila kwa kuwa utaichuma kwa miezi, itafutie chombo kikubwa zaidi.

Pesa uliyookoa iende wapi

Kwenye chakula na vipimo. Hapa ndipo wanaoanza hubana matumizi, kisha wanalaumu mbegu.

Nunua virutubisho vya haidroponiki vinavyouzwa sehemu mbili, A na B. Havikutenganishwa kwa ajili ya biashara. Ukivichanganya vikiwa vikali, kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti, nawe unabaki na kitu kama chaki chini ya ndoo ambacho mmea hauwezi kukila. Tia A kwenye maji mengi, koroga, ndipo utie B. Mtu wa agroveti akikushawishi uchukue mbolea ya shambani kama DAP au CAN kwa sababu ni rahisi, mshukuru uondoke. Naitrojeni ya DAP yote ni ya amonia, nayo ikizidi kwenye maji yasiyo na vijidudu vya udongo hudhuru mizizi. CAN nayo ina chokaa isiyoyeyuka vizuri.

Vipimo ni viwili: cha pH, yaani uchachu wa maji, na cha ukali wa virutubisho, kiitwacho EC. Letasi inapenda pH kati ya 5.5 na 6.5, na EC ya 1.2 hadi 1.8. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, chukua cha pH pamoja na unga wa kukisahihisha, hasa ikiwa jengo lenu linatumia maji ya kisima, maana visima vya Nairobi aghalabu vina maji yenye pH ya juu. Siki huishusha kwa siku mbili tatu kisha inapanda tena. Asidi ya fosfori hudumu, ila vaa glavu. Mwenye pipa la kukinga mvua ya masika amebarikiwa: maji hayo hayana chumvi za kupigana nazo.

Nambari 2: Sanduku la plastiki na pampu ya hewa

Ni ndoo ile ile iliyopanuka, ikiwa na pampu ndogo kama ya matangi ya samaki wa mapambo. Mimea hukua haraka zaidi, na spinachi huifurahia. Stima ikipotea, punguza maji kidogo ili mizizi ya juu ipate hewa, na umerudi nambari 1. Kumbuka tu kwamba lita 60 ni kilo 60. Liegemeze ukutani, na umwambie mwenye nyumba kabla keateka hajamwambia.

Nambari 3: Ndoo za pumisi

Kwa nyanya na hoho. Pumisi ni jiwe jepesi la volkeno linalochimbwa Bonde la Ufa. Lioshe hadi vumbi liishe. Hushika unyevu huku likiacha hewa, kwa hiyo unaweza kumwagilia kwa mkono na kulala bila wasiwasi. Nyanya ni mlaji, EC yake huanzia 2, na baridi ya Juni hadi Agosti huichelewesha sana. Isiwe zao lako la kwanza.

Nambari 4: Mabomba yenye maji yanayozunguka

Ndiyo yanayopendeza kwenye picha, na ndiyo niliyonunua mimi kwanza. Mabomba meupe, matundu thelathini na sita, pampu ya kuzungusha maji, na fundi wa kufunga kila kitu. Ijumaa moja nilienda ushago. Stima ikakatika Jumamosi asubuhi, ikarudi jioni, na Jumapili nikakuta letasi zimelala kama nguo zilizoanguka kambani. Ndani ya bomba maji hupita kama utando mwembamba tu, na pampu ikinyamaza kwenye jua kali, saa chache zinatosha. Muuzaji alisema nilipaswa kununua na betri. Angeniambia siku ya kununua, ningeihesabu kwenye bei. Kama una betri ya sola tayari, mfumo huu hupanda hadi nambari 2.

Nambari 5: Kimashine cha mezani chenye taa

Kwa yule asiye na jua kabisa. Huotesha dhania na basili vizuri, lakini unalipia taa huku nje jua likiwaka saa 12 kila siku bila malipo. Kabla ya kukinunua, muulize muuzaji kama vikapu vya mbegu vya ziada vinapatikana hapa Nairobi au vinaagizwa nje. Akisitasita, rudisha pochi mfukoni.