Kasha la Sisimizi la Akriliki na Jasi: Litafaa Baridi ya Mbeya?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna kasha la kufugia sisimizi: upande huu kiota cha jasi chenye vyumba, upande ule uwanja wa kulishia, juu kifuniko cha akriliki. Mwenye haraka achukue jibu lake sasa hivi aondoke: kasha ni zuri, ila lisiwe kitu cha kwanza kununua. Malkia mpya ukimweka humu ni kumpangishia mtu mmoja gesti nzima. Vyumba vinabaki vitupu, takataka zinajaa pembeni, ukungu unaota.

Malkia aanzie kwenye mrija wa maabara wa kioo, kipenyo milimita 16, urefu 150. Jaza maji theluthi moja. Sukuma pamba mpaka ilowe na iguse maji, na hapa msinipite: angalieni kama kuna povu la hewa limebaki nyuma ya pamba. Likiwepo, toa pamba urudie. Nyumba zetu nyingi ni za bati bila dari. Mchana joto, usiku Mbeya inashuka. Hewa ikipata joto inatanuka, inayasukuma maji yapenye pamba, na asubuhi unakuta mayai yanaogelea. Ndiyo maana mrija hauwekwi dirishani.

Malkia mnampata mvua za kwanza zikianza, Novemba na Desemba, kwenye taa za nje pamoja na kumbikumbi. Msiwachanganye. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana na kiuno kinene. Malkia wa sisimizi kiuno chake ni chembamba, papasi zake, zile antena za kichwani, zimepinda kama kiwiko, mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Aliyekwisha kujikata mabawa ndiye wa kuchukua, kwa sababu huenda amekwisha kupandwa. Sisimizi wa vichwa vikubwa, Pheidole, ndio rahisi kwa anayeanza. Malkia wao halishwi kitu mpaka vibarua wa kwanza, yaani sisimizi wafanyakazi, watoke. Anaishi kwa akiba ya mwili wake na misuli ya mabawa. Mfunike kwa karatasi nyeusi, mchungulie mara moja kwa wiki, basi. Ukimtikisa kila siku anakula mayai yake.

Kwenye nyuzi 25 hadi 28, yai kuwa kibarua huchukua kama wiki nne mpaka sita. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku ni baridi ya kweli. Chini ya nyuzi 20 mabuu yanadumaa. Malkia hajafa, msimtupe. Mrija uhamie karibu na friji au ruta ya intaneti, upande wenye malkia ndio upate joto, upande wa maji ukae mbali. Kipimajoto cha bei ndogo kinatosha kuondoa ubishi.

Sasa turudi kwenye kasha. Tazameni hapa kwenye maungio ya kifuniko. Chukueni karatasi ya kawaida ya A4, ikunjeni mara mbili: tabaka nne, unene kama milimita 0.4. Ikiingia kwenye ufa huu, sisimizi wadogo kabisa nao watapita. Hili la leo inaingia pembe hii, kwa hiyo silikoni kidogo, iachwe ikauke mpaka harufu iishe kabisa. Wavu wa tundu la hewa nao ukagueni. Ule wa chujio la chai una matundu makubwa mno.

Kingo za uwanja zinahitaji kizuizi. Poda ya talki na spiriti, vyote vinapatikana sokoni Mwanjelwa hapa Mbeya, koroga kama uji mwepesi, paka ukanda wa sentimita tatu ndani, juu, uache ukauke ndipo sisimizi waingie. Wenzetu wa Tukuyu, kwa unyevu ule, mtapaka upya mara kwa mara, maana talki ikilowa inashikana na wanapanda bila wasiwasi.

Jasi inanyweshwa kwa bomba la sindano, mililita tatu hivi kwa kiota cha ukubwa huu, upande mmoja tu. Ikilowa inakuwa nyeusi kidogo, mnaona? Theluthi iwe na unyevu, sehemu nyingine ikae kavu, wachague wenyewe. Kulowesha yote wakati wa baridi ni kosa: maji yakikauka yanazidi kukipoza kiota, na ukungu haukawii.

Chakula: sukari kijiko kimoja kwa maji vijiko vinne, kwenye kipande cha pamba, kwani kwenye tone wanazama. Badilisha kila siku tatu kabla haijachacha. Nyama ni kipande cha panzi au kumbikumbi asiye na chumvi, kiondolewe kesho yake. Mende wa nyumba iliyopuliziwa dawa, hapana. Mmoja anamaliza kundi zima.

Na msiwatumie watu wa nje malkia. Mwaka 2025 mahakama nchini Kenya iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja ya huko kila mmoja kwa malkia wa sisimizi waliofungwa kwenye mirija kama hii.

Vibarua wakifika kama hamsini, laza mrija uwanjani, toa pamba ya mbele inayoziba mdomo wake, funika kiota kiwe giza na mrija uuache kwenye mwanga. Usiwamwage. Watahama wakitaka, hata kama ni baada ya wiki mbili.