Sol'Ex: kifaa cha kujiundia cha kupiga picha za Jua kwa mwanga unaouchagua

Anayetaka kuona kromosfia (tabaka la gesi juu ya uso unaoonekana wa Jua) bila kununua darubini maalumu ya haidrojeni-alfa (mwanga mwekundu wa haidrojeni), Sol'Ex ndicho kifaa cha kuanzia. Kilibuniwa na Mfaransa Christian Buil kwa kanuni ya George Ellery Hale na Henri Deslandres ya mwanzoni mwa miaka ya 1890: Jua hupitishwa juu ya ufa mwembamba, mwanga hutawanywa kuwa spektra, yaani rangi zake, na picha hujengwa mstari kwa mstari.

Mwili huchapishwa kwa printa ya 3D. Tumia plastiki ya PETG nyeusi. Plastiki ya PLA hulegea juani na vipimo vyote huhama. Seti ya optiki ya kampuni ya Shelyak ina ufa wa mikromita 10 wenye urefu wa milimita 4.5, lenzi za milimita 80 na 125, na gretingi (kioo chenye mikwaruzo myembamba kinachotawanya mwanga) ya mistari 2400 kwa milimita. Ufa huo ndio unaoamua darubini: kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 420, picha ya Jua ina upana wa takriban milimita 3.9, inatosha ndani ya ufa. Urefu huo ukizidi milimita 480, kingo zinakatwa.

Mbele ya darubini weka filta ya ND8 (inayopitisha moja ya nane ya mwanga) kulinda ufa dhidi ya joto. Filta hiyo hailindi jicho! Usichungulie kamwe.

Kosa linalowapotezea wengi muda ni kuchanganya fokasi mbili. Mistari myeusi ya spektra na michirizi ya vumbi ikiwa na ukungu, rekebisha lenzi za ndani. Ukingo wa Jua ukiwa na ukungu, rekebisha darubini. Anza na za ndani.

Kwa mota ya stendi iendayo mara 8 ya mwendo wa nyota angani, Jua lote hupita kwa sekunde 16 hivi. Kwa kamera ya pikseli za mikromita 2.4, kama ASI178MM, zinahitajika fremu 160 hivi kwa sekunde, kwa hiyo punguza kimo cha fremu kibaki kipande chenye mstari wa spektra unaoutaka. Fremu zikipungua, Jua linatoka yai. Programu ya bure ya INTI, inayojenga picha kutoka kwenye rekodi, hulirudisha duara, lakini undani uliokosekana haurudi. Upepo au gia mbovu huacha ukingo wenye meno ya msumeno, na hapo stendi imara ina thamani kuliko lenzi ghali. Vumbi kwenye ufa huchora michirizi kukatiza picha nzima: lipulize, usifute kwa kitambaa.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba rekodi moja ya nanomita 656.28 (haidrojeni-alfa) inakupa kiini cha mstari, mabawa yake na mwendo wa gesi kwa Doppler (mstari kuhama kidogo gesi inaposogea). Kuhamia kalisi, nanomita 393.37, zungusha gretingi, kisha rudia fokasi zote, kwa sababu lenzi hazikusanyi urujuani mahali pamoja na nyekundu. Ongeza pia muda wa kamera kupokea mwanga, maana mstari huo ni mweusi na mpana.