Kompyuta au Chupa: Kutafuta Ubovu wa Mfumo wa Dizeli

Lori la nozeli za umeme linalopoteza nguvu likipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, au linalokataa kuwaka asubuhi, huweza kuchunguzwa kwa njia mbili: kompyuta ya kupimia hitilafu au chupa. Kompyuta ni ya haraka: huonyesha shinikizo la reli (bomba linalogawa dizeli kwa nozeli) wakati starta inazungusha injini, na mifumo mingi haiwaki kabla shinikizo halijafika takriban baa 200 hadi 300. Hata hivyo, msimbo P0087, namba ya hitilafu inayotokea kwenye kompyuta, husema tu kwamba shinikizo ni dogo. Hausemi kama ni filta iliyoziba, pampu iliyochoka au nozeli inayovuja, na hapo ndipo mafundi wengi hukimbilia kununua pampu, kifaa cha bei ghali kuliko vyote.

Chupa naziamini zaidi. Mpira wa marejeo wa kila nozeli, yaani ule unaorudisha dizeli iliyozidi, huingizwa katika chupa yake, injini ikaachwa ingurume dakika chache bila kukanyagwa mafuta. Chupa inayojaa mapema kuliko wenzake humfichua mkosaji, yaani nozeli inayovuja. Kasoro ni kwamba malori mengi makubwa hurudisha dizeli kupitia ndani ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), na hayo hayana mpira wa kuchomoa.