Akaunti inayolipa riba, Mbeya na Iringa: ipi masharti yake yanatimizika?

Mabango ya benki Mwanjelwa na Miyomboni yanaandika asilimia ya riba kwa herufi kubwa, na masharti yanabaki kwenye karatasi unayopewa ukishaketi kwa ofisa. Anza na karatasi hiyo. Mpangilio huu wa akaunti nne nimeufanya kwa kigezo kimoja: je, pesa zako, kwa namna zinavyoingia na kutoka, zinatimiza sharti zenyewe bila wewe kuhangaika? Kama hazitimizi, asilimia ya kwenye bango haikuhusu.

Hesabu kwanza. Chukua milioni 2 zikae mwaka mzima kwa riba ya asilimia 3. Unapata 60,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inakatwa juu kwa juu, zinabaki 54,000. Akaunti ikiwa na ada ya 3,000 kila mwezi, hiyo ni 36,000 kwa mwaka, kwa hiyo kilichokufikia ni 18,000. Jirani yako mwenye asilimia 2 lakini hana ada ya mwezi amepata 36,000 baada ya kodi, mara mbili yako. Ndiyo maana ada naiuliza kabla ya riba.

Ya kwanza: akaunti ya akiba isiyo na ada ya mwezi, inayohesabu riba kwa salio la kila siku. Hii inamfaa mwalimu, muuguzi, na yeyote anayelipwa kila mwezi akaweza kubakiza kidogo. Maneno "salio la kila siku" yana uzito kuliko yanavyoonekana. Kuna akaunti zinazohesabu riba kwa salio la chini kabisa la mwezi. Fikiria mwenye duka la vitenge Mwanjelwa: ana milioni 3 tangu tarehe 1, tarehe 28 anatuma 2,800,000 Dar es Salaam kuagiza mzigo. Kwa salio la kila siku, siku 27 za milioni 3 zinahesabiwa zote. Kwa salio la chini, mwezi mzima anahesabiwa 200,000, na kama benki inaanza kulipa riba kuanzia 500,000, mwezi huo hapati hata senti.

Angalia pia idadi ya kutoa. Kuna akaunti za akiba zenye riba nzuri zinazoruhusu kutoa mara moja tu kwa robo mwaka. Ukizidisha, riba ya robo hiyo inaweza kufutwa. Usiilaumu benki, ila usiitumie akaunti hiyo kulipia gesi na ada za shule. Fungua mbili: moja ya kawaida mshahara upite na matumizi yote yatoke humo, nyingine ya akiba isiyounganishwa na kadi wala simu. Agizo la kudumu, yaani maelekezo unayoiandikia benki mara moja nayo ikayatekeleza kila mwezi, lihamishe kiasi siku mbili baada ya mshahara kuingia. Kwa njia hiyo hata sharti la kuweka pesa kila mwezi linatimia bila wewe kukumbuka.

Ya pili, na kwa mkulima naiweka ya kwanza: muda maalumu. Unafunga pesa miezi 3, 6 au 12 kwa riba mnayokubaliana, na hapa riba inajadilika. Mwenye kiasi kikubwa aombe kuonana na meneja wa tawi, na aende akiwa na bei ya benki nyingine mkononi. Sharti ni moja: usiivunje kabla ya siku yake, la sivyo riba yote au sehemu kubwa inapotea.

Kwa hiyo tarehe ndiyo kila kitu. Aliyeuza mpunga wake Ubaruku mwezi wa 7 atashawishiwa achukue miezi 6 kwa sababu riba yake iko juu. Miezi 6 inaishia mwezi wa 1. Mbolea na kulimisha trekta vinamdai mwezi wa 10 na wa 11, kabla mvua hazijakolea. Ataivunja, na atakuwa amewakopesha benki bure. Achukue miezi 3, ikomae mwezi wa 10. Au agawe: sehemu ya pembejeo miezi 3, sehemu ya ada ya shule ya Januari miezi 6, karatasi mbili tofauti. Mwenye mbao Mafinga au parachichi Njombe apige hesabu hiyo hiyo kwa msimu wake. Na kwenye fomu kuna kisanduku cha kuruhusu pesa zifungwe tena zenyewe muda ukiisha; kama una kazi na pesa, andika kwamba zihamishiwe akaunti yako ya kawaida.

Ya tatu: akaunti ya hundi inayolipa riba. Ni chache, kwani akaunti za hundi kwa kawaida hazilipi riba kabisa. Zinazolipa zinadai salio kubwa muda wote na zina ada ya kuziendesha. Inamfaa mwenye biashara ambaye salio lake halishuki hata wiki mbaya. Chukua taarifa ya akaunti yako ya miezi 6, tafuta siku salio liliposhuka kuliko siku zote, ulinganishe na sharti lao. Likiwa chini, achana nayo.

Ya nne: akiba ya kwenye simu, kama M-Pawa ya Vodacom iliyoanza 2014. Masharti karibu hakuna, riba nayo ni ndogo. Ni nzuri kwa kuanzia.

SACCOS sijaipanga humu kwa sababu unakuwa mwanachama, na faida yake kubwa ni mkopo. Kabla ya kujiunga, omba kuona leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na ujue kwamba amana zake hazina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, inayowalipa wenye amana benki ikifungwa.

Kinga hiyo watu wa Njombe wanaijua. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano, mojawapo Benki ya Wananchi Njombe, na wakati huo kinga ilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana. Sasa ni 7,500,000 kwa kila benki. Aliyeuza shamba au miti akapata milioni 15 aziweke benki mbili, hata kama ya pili inalipa riba pungufu kidogo.

Ukifika dirishani, uliza haya kabla ya kusaini: ada ya mwezi ni kiasi gani, riba inahesabiwa kwa salio lipi, inaanzia kiasi gani, inalipwa lini, na nikitoa mapema napoteza nini. Omba majibu yaandikwe kwenye karatasi yenye mhuri wa tawi. Ofisa asiyetaka kuandika, nenda tawi la jirani.